Jinsi ya Kuzuru Uwanja wa Vita wa Salaita kwa Msafiri Anayetoka Nairobi

Anza safari ya Salaita, kilima kilicho karibu na Taveta ambako Waingereza na Wajerumani walipigana mwaka 1916, ukiwa bado mjini Nairobi. Shuka Kenyatta Avenue asubuhi moja kabla watu hawajajaa, usimame mbele ya sanamu tatu za shaba ambazo wengi wetu huzipita tukikimbilia matatu, kisha usome maandishi ya Kiswahili yaliyo kwenye nguzo yake. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, pamoja na wapagazi, ambao wanatajwa kuwa walikuwa kama miguu na mikono ya jeshi. Mmoja wa watu hao wa shaba ni mpagazi. Ukitoka hapo, tembea mpaka Kariakor. Sisi wakazi wa Nairobi huenda huko kununua vyondo na kula nyama choma, na ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo ni la kikosi cha wapagazi, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps na ambacho ndimi zetu zimekuwa zikikitamka hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Wanaume wa Kenya waliofariki katika kazi hiyo walizidi 40,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa.

Ninaanza na hayo kwa sababu mtu anayefika Salaita bila kuyajua huona kilima kidogo chenye miiba, akapiga picha mbili za Kilimanjaro na kurudi garini. Uwanja huu hauna mnara mkubwa wala jumba la makumbusho la kukueleza kila kitu. Unasomwa kwa macho na kwa miguu, na ufunguo wa kuusoma ni maji: nani alikuwa nayo, nani aliyakosa, na nani aliyabeba.

Kwa ufupi, mambo yalikuwa hivi. Tarehe 15 Agosti 1914, majuma mawili tu baada ya vita kuanza Ulaya, majeshi ya Wajerumani kutoka Moshi yalivuka mpaka na kuuteka mji wa Taveta. Waliushikilia hadi Machi 1916. Kati ya Taveta na Voi kulikuwa na nyika kavu ya zaidi ya kilomita mia moja, na Wajerumani waliitumia vizuri: walituma vikundi vidogo vya askari kuipenya usiku na kulipua reli ya Mombasa na Nairobi kwa baruti. Waingereza nao waliamua kujenga reli mpya kutoka Voi kuelekea magharibi ili wapeleke askari, chakula na maji. Njia utakayopita leo kwa gari inafuatana kwa karibu na reli hiyo, na kambi zao zilikuwa mahali ambapo vijiji na vituo vya leo vipo: Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni. Salaita ndicho kilima ambacho Wajerumani walikifanya kuwa mlango wa Taveta.

Panga siku nne. Siku tatu zinawezekana, lakini utalazimika kuchagua kati ya Ziwa Chala na milima ya Taita, na sioni ni kipi kati ya hivyo viwili mtu anaweza kukiacha bila kujuta. Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu kuanzia Julai hadi mapema Oktoba, kwa maana mvua zikinyesha barabara za udongo za kuelekea Chala na Jipe hugeuka utelezi, na Kilimanjaro hujificha nyuma ya mawingu kwa siku nzima. Mimi humshauri mtu achague Februari, ingawa ni mwezi wa joto kali, kwa sababu pigano la Salaita lilitokea tarehe 12 Februari 1916, na jua lile lile litakufundisha jambo ambalo kivuli hakiwezi kukufundisha.

Kutoka Nairobi, treni ya SGR ya asubuhi inayosimama katika stesheni za njiani ndiyo njia ninayoipenda. Unapanda Syokimau na kushuka Voi mnamo saa sita mchana, bila uchovu wa kilomita zaidi ya mia tatu za barabara ya Mombasa yenye malori mengi. Kata tiketi siku kadhaa mapema, hasa mwisho wa mwezi na wakati wa likizo za shule, na uhakikishe umeikata ya treni inayosimama Voi, kwani si zote zinazosimama hapo. Beba kitambulisho chako cha taifa. Utakihitaji stesheni, na utakihitaji tena Taveta, ambako mpaka wa Tanzania uko karibu sana. Ukishuka Voi, kuna matatu za kwenda Taveta, ila matatu haitakusubiri ukitaka kusimama nyikani. Watu wawili au watatu wakichanga, ni afadhali kukodi Probox pamoja na dereva anayeijua njia. Kubalianeni bei ya siku nzima kabla ya kuondoka, na umweleze dereva waziwazi kwamba mtasimama mara nyingi, tena mahali pasipo na kitu cha kununua.

Katika mji wa Voi, kabla ya kuelekea magharibi, nenda kwenye makaburi ya vita. Mmoja wa waliozikwa hapo ni Wilbur Dartnell, luteni mzaliwa wa Australia, ambaye tarehe 3 Septemba 1915 alijeruhiwa mguu karibu na Maktau na akakataa kubebwa, akabaki na majeruhi wenzake ambao hawakuweza kuondolewa, ili ajaribu kuyaokoa maisha yao. Aliuawa, na baadaye akatunukiwa Nishani ya Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Mawe ya makaburi haya ni meupe, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, na nyasi zimekatwa. Yatazame vizuri, kisha ujiulize yako wapi makaburi ya wale waliobeba maji na unga wa kikosi cha Dartnell. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika na Waasia hawakukumbukwa kwa majina yao kama walivyokumbukwa wazungu, na ikaomba radhi. Utakapokuwa nyikani, jua kwamba baadhi yao wako chini ya udongo unaoukanyaga.

Usiku wa kwanza lala Mwatate, au kama bado una nguvu, panda hadi Wundanyi, ambako utahitaji sweta hata kama Voi uliacha ukitokwa na jasho. Milima ya Taita huinuka ghafla kutoka nyikani, na kilele chake cha juu, Vuria, kinazidi mita 2,200. Msitu wa Ngangao una ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani ila katika milima hii, na mwenyeji wa hapo atakuongoza kwa malipo ya haki. Lakini jambo la kutazama kwa ajili ya safari yetu ni maji. Asubuhi utayasikia yakishuka kwenye mabonde kati ya migomba na mashamba ya mboga. Waingereza waliyachukua maji ya Bura, upande wa magharibi wa milima hii, wakayapitisha kwenye mabomba hadi kambi ya Maktau, kwa kuwa huko mbele hapakuwa na mto wala kisima cha kutosha jeshi. Ukiwa juu, geukia kusini pia, uutafute mlima Kasighau uliosimama peke yake. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kukishika kituo cha hapo, serikali ya Waingereza iliwatuhumu wenyeji kwamba waliwasaidia adui, ikachoma vijiji na kuwahamishia watu Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa, na waliobaki waliruhusiwa kurudi miaka mingi baadaye. Ukikutana na wazee wa Taita wanaolijua jambo hili, amkia kwanza, keti, na usitoe simu ya kurekodi mpaka umeruhusiwa.

Siku ya pili shuka kwa njia ya Bura kuelekea Maktau. Barabara ni ya lami hadi Taveta, na wepesi wake ndio hatari yake, maana madereva hukimbia huku tembo wa Tsavo wakivuka wanavyotaka, hasa alfajiri na jioni. Tazama pembeni ya barabara uone tuta la reli ya zamani. Wajenzi waliifikisha Maktau katikati ya mwaka 1915, na baada ya Taveta kukombolewa ikaendelezwa hadi kuungana na reli ya Moshi. Maktau yenyewe ni kituo kidogo leo, na ni vigumu kuamini kwamba palikuwa na maelfu ya askari kutoka Uingereza, India, Afrika Kusini na Afrika Mashariki. Tafuta makaburi ya askari wa India, na umwombe mwenyeji akuonyeshe mbuyu wenye matundu ya risasi. Wenyeji husimulia kwamba ndani yake alijificha mlenga shabaha wa Kijerumani, na wengine husema alikuwa mwanamke aliyekuja kulipiza kisasi cha mumewe. Mimi huipokea simulizi hiyo kama simulizi. Matundu unaweza kuyatia kidole mwenyewe. Gome limekua likayazunguka kama midomo iliyofumbwa nusu.

Mbuyuni simama kidogo tu. Hapo Waingereza walishambulia Julai 1915 wakarudishwa nyuma, lakini hakuna mengi ya kuonekana isipokuwa mibuyu na upana wa nyika, na eneo hili ni la wanyama wa porini, kwa hiyo usiondoke kando ya gari. Ukifika karibu kilomita kumi na tano kabla ya Taveta utakiona kilima cha Salaita. Usishawishike kukipanda saa hizo za jua la utosi. Pita, ulale Taveta, urudi alfajiri.

Sasa nieleze Salaita kwa kirefu, kwa sababu ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea. Mara ya kwanza nilipanda moja kwa moja hadi kileleni, nikatazama pande zote, nikaona nyika, mkonge kwa mbali, na theluji ya Kilimanjaro, nikadhani nimemaliza. Nilipokuwa nikishuka nilimkuta mzee mmoja akichunga mbuzi wake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza nilikuwa natafuta nini huko juu. Nilipomwambia kwamba nilitaka kuona walikopigana, alitikisa kichwa. “Mwanangu, juu palipigwa mizinga bure,” alisema. “Watu walikuwa huku chini.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Waingereza walidhani mahandaki yako kileleni, kwa hiyo mizinga yao ilikipiga kilele. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa wamechimba mahandaki chini, kwenye nyayo za kilima, yakiwa yamefichwa na vichaka na miiba. Askari wa Afrika Kusini, wengi wao wakiwa wageni kabisa katika nchi hii, walikuja kutoka mashariki kwenye uwanda mtupu, wakazungukia upande wa kaskazini, wakapigwa na risasi za watu wasiowaona. Mchana, vikosi vya akiba vya Wajerumani vilivyotoka Taveta viliwashambulia kwa ubavu, nao wakarudi nyuma wakiwa na zaidi ya watu mia moja waliouawa, kujeruhiwa au kupotea. Walioizuia hali isiwe mbaya zaidi ni Wabaluchi wa kikosi cha 130 cha jeshi la India. Husimuliwa kwamba askari hao waliokota bunduki ya rashasha iliyoachwa na Waafrika Kusini, wakawarudishia pamoja na ujumbe wa kuwaomba wasiwaite tena makuli, jina la kuwadharau Wahindi.

Kwa hiyo fanya hivi. Fika wakati jua linachomoza, usimamishe gari kando ya barabara upande wa mashariki wa kilima, jua likiwa mgongoni mwako. Usiondoke garini bila mwenyeji. Wachungaji wa hapo wanazijua njia na wanajua kama tembo wamepita usiku. Tembea polepole kuelekea kilima, na kila baada ya hatua mia moja usimame ujiulize ungejificha wapi. Mahali pengi hutapata jibu. Ukifika chini ya kilima, chuchumaa. Utaona mistari ya mawe yaliyopangwa kwa mikono, mingine ikifika magotini tu kwa sababu udongo umeyajaza mahandaki kwa miaka yote hiyo, na mistari hiyo inapinda kuufuata mwinuko. Ingia katika mmoja wao, ugeuke utazame ulikotoka. Uwanda ambao dakika kumi zilizopita uliuona umejaa vichaka sasa utauona mweupe, na gari lako utaliona lote, hata magurudumu. Hapo utaelewa pigano zima bila kuambiwa na mtu. Kisha ndipo upande kileleni, na sasa mandhari yatakuwa na maana: magharibi kijani cha Taveta chenye chemchemi na migomba, mashariki ukavu mtupu. Waliokuwa mahandakini walikuwa na maji nyuma yao. Waliokuwa uwandani waliletewa yao kwa mabomba, reli, magari, na migongo ya watu.

Utakuta vipande vya kutu ardhini: makopo ya chakula, misumari, pengine maganda ya risasi. Usiviokote. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inalinda mali kale, na zaidi ya hilo, kombora ambalo halikulipuka miaka mia moja iliyopita linaweza kulipuka leo likiguswa. Usichimbe hata kwa kijiti. Vaa viatu vyenye soli nene, kwani miiba ya migunga hupenya raba kwa urahisi, na ubebe maji lita tatu kwa kila mtu kwa asubuhi hiyo moja. Kama utampata mwongozaji, mpe chake mkononi na umshukuru kwa jina.

Rudi Taveta upate kifungua kinywa. Ikiwa ni Jumatano au Jumamosi, soko litakuwa limejaa ndizi na wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka. Makaburi ya vita ya hapa yanastahili nusu saa ya utulivu. Vua kofia, ongea kwa sauti ya chini, na usikalie mawe.

Mchana nenda Ziwa Chala, kaskazini mwa mji. Ziwa hili liko ndani ya kasoko ya volkeno, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati yake. Hulioni mpaka ufike kwenye ukingo, halafu kwa ghafla liko chini yako, kwenye shimo lenye kuta zinazoteremka wima, rangi yake ikibadilika kati ya kijani na buluu kadiri mawingu yanavyopita. Maji yake hutoka chini ya ardhi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Njia ya kushukia ni ya mawe yanayoteleza, basi usiishuke jioni. Usiogelee kamwe: mwaka 2002 mamba alimuua msichana mgeni aliyekuwa akiogelea humo. Kaa ukingoni na ukumbuke kwamba miinuko hii ndiyo iliyoiamua Salaita. Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini, alipofika kuchukua uongozi wa majeshi ya Waingereza baada ya kushindwa kule, hakurudia kugonga ukuta ule ule. Tarehe 8 Machi 1916 wapanda farasi wa Jacobus van Deventer walikuja huku wakaitwaa miinuko ya Chala. Wajerumani walipoona watazungukwa na kutengwa na maji ya Taveta, waliiacha Salaita siku iliyofuata karibu bila kupigana.

Siku ya nne asubuhi tazama vilima vya Latema na Reata, magharibi mwa Taveta, ambako pigano la mwisho la eneo hili lilipiganwa usiku wa tarehe 11 Machi. Askari wachache waling'ang'ania juu ya vilele gizani huku wenzao wakiamini wameshindwa, na kulipopambazuka Wajerumani walikuwa wameondoka. Hapa ni mpakani, hivyo usipande bila kuwauliza wakuu wa eneo, na usielekeze kamera kwenye kituo cha mpaka wala kwa maafisa. Mwenye saa mbili za ziada anaweza kushuka hadi Ziwa Jipe, na akiwa njiani aione ngome ya mlowezi Ewart Grogan iliyojengwa kilimani miaka ya 1930. Mandhari yake ni mazuri kuliko nyumba yenyewe.

Ondoka Taveta mapema ili usikimbizane na treni ya kurudi, na ukubaliane na dereva msimame mara moja tu njiani, mahali popote kati ya Mbuyuni na Maktau ambapo tuta la reli liko karibu na lami na hakuna dalili ya wanyama. Shuka na chupa yako ya maji, zima injini. Ukimya wa hapo ni mkubwa kiasi kwamba utasikia chuma cha gari kikipoa. Pima kwa macho umbali uliobaki hadi vilima vya Bura, ukiwa umeishika chupa hiyo mkononi, na uhesabu ungefika saa ngapi kwa miguu ukiwa na mzigo kichwani.